Bendera Nyekundu katika Kitabu cha Isaya

Katika Isaya 1:18, Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inaufananisha wekundu wa dhambi na bendera. Mtoto wa Kitanzania akiuliza ni bendera gani hiyo, ana haki ya kuuliza. Bendera yetu ina kijani, dhahabu, nyeusi na buluu, nyekundu haimo.

Jibu liko pwani. Tangu enzi za Sayyid Said, aliyehamisha makao yake kutoka Muscat hadi Unguja, bendera ya Sultani ilikuwa kitambaa chekundu kitupu, bila nyota wala maandishi. Ilipepea Unguja, na hata juu ya Ngome ya Yesu kule Mombasa, mpaka 1963. Msomaji wa pwani wa mwaka 1952 hakuhitaji maelezo. Alisoma neno, akainua macho, akaiona.

Katika Kiebrania neno lililo hapo ni *tola*, yaani mdudu. Ni mdudu mdogo anayeng'ang'ania matawi ya mialoni. Watia rangi walimkusanya, wakamkausha na kumsaga, wakapata rangi nyekundu iliyoshika sana kwenye sufu. Sufu iliyokwisha kuingia rangi ile haikurudi kuwa nyeupe kwa kufuliwa. Ndiyo maana ahadi ya mstari huo inaishia kwenye sufu: Mungu anaahidi lile ambalo fundi haliwezi.

Neno bendera linatuongezea jambo. Doa hufichwa, lakini bendera hupandishwa mlingotini ili ionekane. Nabii alisema na watu waliosali huku mikono yao ina damu, wakawasahau yatima na wajane. Dhambi yao ilikuwa ya hadharani.

Pwani yetu inaijua dhambi ya namna hiyo. Chini ya bendera ile nyekundu misafara ilikwenda hadi Tabora na Ujiji, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Lakini tusiharakishe kusema hiyo ni dhambi ya wengine. Katika karne ya 18 Wafaransa, watu wa taifa la Kikristo, walinunua watumwa Kilwa kwa ajili ya mashamba ya Mauritius na Réunion. Bendera zilikuwa nyingi.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Edward Steere na wamisionari wenzake wakajenga kanisa mahali pale pale. Karibu na madhabahu, duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu linaonyesha mahali panapokumbukwa kuwa watumwa walichapwa viboko. Waliojenga hawakuifuta nyekundu ili nyeupe ipendeze.

Nasi tunapenda kufikia mstari wa 18 upesi, tukiuruka wa 17, unaotuagiza kutenda haki. Msichana wa kazi asiyelipwa mshahara wake, mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu: hizo ni bendera zetu, zinapepea mchana, nasi tunapita chini yake tukienda ibadani. Mungu hatuiti tuzifiche, bali tukae naye tuzungumze. Basi twende kwake tukiwa tumeanza kumlipa msichana yule, na kumrudishia mjane shamba lake.