Pumzi ya Watu: Istilahi za Saikolojia na Utafiti wa Nyanda za Kyela

Neno saikolojia limekwisha kupata makao katika Kiswahili, nasi hatuna nia ya kuligombea. Lililo gumu zaidi ni msamiati wa utafiti wake, kwa kuwa neno lisilofaa katika hojaji huzaa jibu lisilofaa, na jibu hilo likishaandikwa huitwa ujuzi. Katika makala haya tutalieleza jambo hilo kwa historia ya nyanda za Kyela, ziliko bandari ya Itungi, kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Umri wa saikolojia kama sayansi inayojitegemea huhesabiwa tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara huko Leipzig, Ujerumani. Humo njia kuu ilikuwa jaribio: mtu alioneshwa mwanga au kusikilizishwa sauti, muda aliochukua kuitika ukapimwa, naye akaeleza alichohisi. Hata hivyo, Wundt mwenyewe alishikilia kwamba jaribio lina mpaka wake, na kwamba fikra za juu za binadamu hazina budi kutafutwa katika lugha, visasili na mila. Juu ya hayo aliandika majuzuu kumi, yaliyotolewa kati ya 1900 na 1920.

Miongoni mwa waliosoma Leipzig alikuwa Bronislaw Malinowski, Mpolandi, ambaye baadaye alifundisha anthropolojia London. Yeye alisisitiza kwamba mtafiti akae na watu, ajifunze lugha yao, na aandike kauli zao kama zilivyosemwa. Njia hiyo ndiyo tuiitayo uchunguzi shiriki. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliohudhuria mafunzo yake, waliileta kwa Wanyakyusa: Godfrey mwaka 1934, Monica mwaka 1935. Walifanya kazi hadi 1938 katika wilaya ya Rungwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyela. Walisaidiwa na makarani wenyeji, mmojawapo Leonard Mwaisumo, waliosikiliza, kuandika na kufasiri.

Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Monica Wilson alieleza jinsi wavulana wapatao miaka kumi au kumi na mmoja walivyoanza kujijengea vibanda kando ya kijiji cha baba zao, hata kikawa kijiji cha marika. Sifa kuu ya maisha hayo iliitwa "ukwangala", yaani kufurahia kukaa pamoja na wenzako. Pamoja na sifa hiyo palikuwa na nguvu ya kumrudi mkosaji, "embepo sya bandu", pumzi ya watu. Aliyewadharau wazazi au kuwanyima jirani haki yao alinung'unikiwa, na manung'uniko hayo, waliamini, yalimletea baridi mwilini na maradhi. Nguvu hiyo ilisemwa kuwa ya watetezi wa kijiji, wenye chatu tumboni. Na mchawi naye alisemwa kuwa na chatu. Tofauti ilikuwa katika haki: mtetezi aliitumia kwa idhini ya wenzake, mchawi kwa choyo chake.

Hapa ndipo mfasiri anapopimwa. Akiandika "uchawi", amefuta nusu ya maana, na msomaji ataona hofu tu mahali palipokuwa na sheria. Akiandika "dhamiri", amekiweka ndani ya mtu mmoja kitu ambacho wenyeji walikiweka kati ya watu. "Pumzi ya watu" si neno la kitaalamu, lakini halisemi uongo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, majina ya njia yasichanganywe. Jaribio ni pale mtafiti anapobadilisha jambo moja kwa makusudi na kuyazuia mengine. Uchunguzi ni kutazama bila kubadilisha. Mahojiano ni mazungumzo yenye lengo. Hojaji ni orodha ya maswali yale yale kwa watu wote wa sampuli. Taarifa inayoita kila kitu "uchunguzi" haimwezeshi msomaji kujua uzito wa ushahidi. Pili, neno la moyo au nafsi lisitiwe katika hojaji kabla halijasikilizwa katika mazungumzo ya kawaida ya wale watakaoulizwa.

Makarani wa miaka ile hawakuwa na orodha ya istilahi mikononi. Walikuwa na masikio, na subira ya kuuliza tena. Orodha tunazoziandaa leo zitawafaa walimu na watumishi wa serikali iwapo hazitawaondolea subira hiyo.