Mjane, kiwanda cha bia na mkataba wa mwaka 1783



Swali moja linatufuata katika kila kijiji tunamofika na komite ya ardhi. Mtu aliyekimbia vita amerudi, anamkuta mwingine ndani ya parseli yake. Yule mwingine hakuvunja mlango: anatoa karatasi yenye muhuri wa waliotawala wakati ule. Je, alipe kodi ya miaka yote aliyokaa? Kati yetu kuna wanaosema alipe mpaka franka ya mwisho, na kuna wanaosema yaliyopita yamepita. Mbele ya kuamua, tumeona vizuri kueleza namna swali hilohilo lilivyoisumbua Marekani ilipokuwa nchi changa, mpaka likawa ugomvi kati yake na Uingereza.

Septemba 1776, katika vita ya uhuru, jeshi la Uingereza liliingia New York. Elizabeth Rutgers, mjane, alikimbia pamoja na wengi waliotaka uhuru, akaacha kiwanda cha bia katika Maiden Lane. Mwaka 1778 ofisi ya jeshi iliyoshughulika na chakula na vifaa ikakipatia wafanyabiashara wa Kiingereza. Hao walikuta vyombo vya maana vimekwisha kuondolewa, wakatumia karibu pauni 700 kukitengeneza. Miaka miwili ya kwanza hawakulipa kodi hata kidogo. Tangu 1780, kwa ruhusa ya mkuu wa jeshi mwenyewe, walilipa pauni 150 kwa mwaka, na feza hiyo ilikwenda katika mfuko wa maskini wa mji.

Machi 1783, vita ikielekea kuisha, bunge la jimbo la New York likatoa sheria iliyowafurahisha waliorudi: kila aliyekimbia anaweza kumshitaki aliyekaa katika mali yake, na mshitakiwa hana ruhusa ya kujitetea kwa kusema alikuwa na amri ya jeshi. Ni kusema ile karatasi yenye muhuri haina kazi tena. Novemba, siku chache mbele ya Waingereza kuondoka mjini, kiwanda kikaungua. Mama Rutgers akamshitaki Joshua Waddington, mtu wa wale wafanyabiashara, akidai pauni 8,000.

Mtu akisoma mpaka hapa, moyo unakwenda upande wa mjane. Mji karibu wote ulikuwa upande wake. Kumbe avoka aliyesimama kumtetea Waddington alikuwa Alexander Hamilton, yule aliyekuwa msaidizi wa Washington vitani! Hakuwa amegeuka Mwingereza. Alisema hivi: tumetia sahihi mkataba wa amani kule Paris, tarehe 3 Septemba 1783, na jimbo moja haliwezi kuvunja neno ambalo nchi nzima imetoa. Tena desturi ya mataifa inamruhusu mkuu wa jeshi aliyeshika mji kutumia mali iliyomo wakati vita inaendelea.

Tribinali ya mji, chini ya meya James Duane, ilitoa hukumu Agosti 1784, nayo ilikata maneno katikati. Kwa 1778 mpaka 1780 walipe, kwani ruhusa ya ofisi ya vifaa haikutosha. Kwa miaka iliyofuata, walipokuwa na ruhusa ya mkuu wa jeshi, hakuna deni. Mjane akapewa karibu pauni 800, moja ya kumi ya aliyodai. Watu walikasirika, wakafanya mikutano. Bunge la jimbo likailaani hukumu. Sisi tunaona Duane alituliza kichwa wakati vichwa vingi vilikuwa moto. Hakushika swali la nani alikuwa adui. Alitaka kujua karatasi ilitoka kwa nani, na huyo alikuwa na uwezo gani.

Kulikuwa pia na waliorudi wa upande wa pili, wale waliomtii mfalme. Karibu 60,000 walitoka nchini, wengi wakaenda Kanada, na majimbo yakanyang'anya na kuuza mali za wengi wao. Mkataba uliwataja katika kifungu cha 5, lakini tuangalie neno lenyewe: Kongresi “itashauri” majimbo yarudishe mali. Haikuandikwa itaamuru. Tumesoma makubaliano ya amani ya kutosha hapa kwetu kujua tofauti hiyo. Majimbo yakasikia ushauri, yakaendelea na mambo yao. Baadhi ya waliojaribu kurudi walipigwa. Njo Uingereza yenyewe ikalipa fidia, karibu pauni milioni 3, kwa wale walioweza kuleta ushahidi.

Na Waafrika? Kifungu cha 7 kiliwakataza Waingereza kuondoka na watumwa wa Wamarekani. Lakini wengi walikuwa wametoroka kwa mabwana wao juu ya ahadi ya uhuru, na jenerali Guy Carleton akakataa kuwarudisha. Karibu watu 3,000 waliandikwa majina katika daftari kule New York, wakapanda meli kwenda Nova Scotia. Ardhi waliyoahidiwa huko ilikawia, na ilikuwa mbaya. Mwaka 1792 karibu 1,200 wakapanda meli tena, mara hii kuja Afrika, wakajenga Freetown. Wachache wao walikuwa wamezaliwa Afrika. Hao walirudi kweli.

Nchi nayo ililipa bei. Uingereza ilisema: munawazuia wafanyabiashara wetu kudai madeni, munawakatalia watu wetu mali, basi na sisi hatutoki katika ngome za Detroit, Niagara na Oswego. Zote zilikuwa ndani ya ardhi ya Marekani. Mwaka 1786 John Jay, aliyesimamia mambo ya nje, aliiambia Kongresi wazi kwamba majimbo njo yalianza kuvunja mkataba. Katiba iliyoandikwa 1787 ikaweka mikataba juu ya sheria za majimbo. Jay akaenda London, akarudi na mkataba mpya wa Novemba 1794; Seneti ikaupitisha kwa kura 20 kwa 10, na watu wakachoma sanamu za Jay barabarani. Ngome zilitolewa 1796, miaka 13 kisha Paris.

Mjane na Waddington hawakufikisha mambo mbali hivyo. Kisha hukumu ya Duane, pande mbili zilipatana.

Katika kikao kijacho komite ya ardhi itachukua swali la kodi. Mwenye karatasi aliyopewa wakati wa vita, awe aliyekimbia ao aliyekaa ndani ya nyumba, ailete yenyewe, si kopi, tuone ni nani aliitia sahihi na tarehe gani. Aliyetengeneza paa ao kuchimba kisima alete hesabu yake pia.