Sauti ya Mtoto wa Sayari ya Mbali

Mwaka 1966, Marekani ikiwa vitani Vietnam, Gene Roddenberry alianzisha huko mchezo wa televisheni, Star Trek. Mwaka uliofuata ikatajwa humo sheria kuu: wasafiri wa anga wasiingilie maisha ya jamii zisizofikia ufundi wao, hata kwa nia njema. Sheria hiyo ilizuia kiburi cha wenye nguvu. Lakini katika mfululizo mwingine, mwaka 1989, mtoto wa sayari inayoangamia aliomba msaada. Nahodha Picard akaamuru mawasiliano yakatwe. Alipoisikia sauti yake, akashindwa kuziba masikio. Sayari ikaokolewa, naye mtoto akafutiwa kumbukumbu ya wageni wake. Nasi tujiulize: tunyamazapo mbele ya jirani, tunamheshimu au tunamkimbia?