Cheti na Ufunguo: Historia ya Uthibitishaji wa Modemu za Kebo, 1997–2013

Neno cheti liliingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, na lilitumika kwa kikaratasi chenye maandishi mafupi kabla ya kuzoeleka katika mambo ya shule, ndoa na kuzaliwa. Katika matumizi hayo yote, cheti hufanya kazi kwa kuonyeshwa: karani hukitazama, hukilinganisha na aliyekileta, kisha hupitisha. Istilahi za usalama wa mitandao zilipolichukua neno hili zilichukua pia dhana hiyo, ilhali cheti cha kidijitali hakifanyi kazi hivyo. Makala haya yanafuatilia historia ya kifaa kimoja, modemu ya kebo, na yanadai kwamba tofauti hiyo ina uzito katika sera na si katika kamusi peke yake.

Kiwango cha DOCSIS, ambacho kampuni nyingi za intaneti ya kebo hukifuata, kilitolewa Machi 1997 na CableLabs, taasisi ya utafiti iliyoundwa na kampuni za televisheni ya kebo za Marekani mwaka 1988. Kebo zenyewe zilikuwa zimetandazwa kwa ajili ya televisheni. Nyumba nyingi za mtaa mmoja zilipokea mawimbi yale yale. Hofu ya kwanza, basi, ilikuwa jirani kusikiliza mawasiliano ya jirani. Toleo la kwanza lilijibu hofu hiyo kwa usimbaji wa DES wenye ufunguo wa biti 56, aina ya ufunguo ambayo mwaka 1998 mashine iliyojengwa mahsusi iliivunja kwa takriban saa 56. Swali la pili, yaani kifaa kinachoomba huduma ni kipi hasa, lilipewa uzito mdogo zaidi.

Modemu ilipowashwa ilitafuta mawimbi ya mtoa huduma, ikaomba anwani ya mtandao, kisha ikapakua faili ya usanidi iliyoeleza kasi ambayo mteja ameilipia. Mtoa huduma aliitambua kwa anwani yake ya MAC, nambari ya biti 48 ambayo nusu yake ya kwanza humtaja mtengenezaji, na ambayo huchapishwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa. Nambari hiyo ilitamkwa na modemu yenyewe. Ni sawa na mtu anayebisha hodi, akaulizwa ni nani, akajibu kwa jina, na mlango ukafunguliwa. Aliyeweza kubadilisha programu ya ndani ya modemu aliweza kutamka jina la mwingine. Kwa kuwa majina mawili yanayofanana yaligongana katika mtambo mmoja, walionakili walibadilishana anwani za miji tofauti.

Toleo la 1.1 la mwaka 1999 lilileta vyeti. Kila modemu ilitoka kiwandani na jozi ya funguo, mmoja wa siri na mmoja wa hadhara, pamoja na cheti kilichofunga ufunguo wa hadhara na anwani ya MAC. Cheti hicho kilisainiwa na mtengenezaji, na cheti cha mtengenezaji kikasainiwa na mamlaka ya mzizi. Mdhamini naye alikuwa na mdhamini wake. Lakini uthibitisho haukuwa katika cheti. Cheti kilitumwa hadharani, na kila aliyesikia angeweza kukirudia. Baada ya kukagua saini, mtambo wa mtoa huduma ulituma ufunguo wa mawasiliano ukiwa umefungwa kwa ufunguo wa hadhara wa modemu hiyo, hivyo kwamba ni mwenye ufunguo wa siri tu angeweza kuufungua. Aliyekuwa na cheti bila ufunguo huo alibaki nje.

Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa imara. Utekelezaji wake ndio uliolegea, na hapa ndipo historia hii inapofundisha zaidi. Modemu za toleo la kwanza, zisizo na vyeti, zilikuwa tayari majumbani mwa wateja, na kuzikataa kulimaanisha kuwakatia huduma watu wanaolipa. Baadhi ya mitambo ilikuwa na chaguo la kukubali vyeti ambavyo modemu ilijisainia yenyewe. Zaidi ya hayo, uthibitishaji ulianza baada ya modemu kusajiliwa, na amri ya kuuwasha ilikuwa ndani ya faili ile ile ya usanidi iliyopita mikononi mwa modemu. Mgeni aliachiwa nafasi ya kusema kama anataka kukaguliwa. Hata ulinzi ulipowashwa, ufunguo wa siri ulihifadhiwa katika kumbukumbu ya kawaida ya modemu nyingi, na aliyeweza kuisoma alinakili ufunguo, cheti na anwani kwa pamoja.

Athari zake zilifika mahakamani. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho mjini Boston ilimtia hatiani muuzaji wa modemu zilizobadilishwa kwa makosa ya ulaghai. Kwa wanasheria kuna upande wa pili wa suala hilo: modemu iliyonakiliwa ilipotumika, kumbukumbu zilionyesha anwani ya mteja asiye na hatia.

DOCSIS 3.0 ya mwaka 2006 iliruhusu uthibitishaji kutangulizwa, kabla modemu haijapewa anwani ya mtandao wala faili. Toleo la 3.1 la mwaka 2013 lilileta mamlaka mpya ya mzizi na funguo ndefu zaidi.

Afrika Mashariki wananchi wengi waliingia katika intaneti kwa simu ya mkononi, si kwa kebo, lakini swali ni lile lile. Kenya mwaka 2012 na Tanzania mwaka 2016 zilizima simu bandia kwa kutumia nambari za IMEI. Kama anwani ya MAC, IMEI hutamkwa na kifaa chenyewe na inaweza kuandikwa upya. Sajili ya nambari hizo huondoa simu zilizotengenezwa kwa uzembe, lakini haiwezi yenyewe kutofautisha simu mbili zenye nambari moja. Laini ya simu ni jambo jingine, kwa sababu kadi yake hubeba ufunguo wa siri na hujibu fumbo la mtandao bila kuutoa ufunguo wenyewe. Nyaraka za sera zinazosema kwamba simu na laini vyote "vimethibitishwa" huficha tofauti hiyo chini ya kitenzi kimoja.

Makala haya yanapendekeza vitenzi vitatu vitenganishwe katika sheria na kanuni: kutambua, pale kifaa kinapojitaja, kuthibitisha, pale kinapoonyesha kwa vitendo kwamba kina ufunguo, na kuidhinisha, pale mtoa huduma anapoamua kukihudumia. Fasili ya cheti cha kidijitali nayo isiandikwe bila kutaja ufunguo wa siri na mahali unapohifadhiwa. Modemu za toleo la 1.1 zilikuwa na vyeti halali, na bado zilinakiliwa.