Uyoga hauna mbegu: maneno anayokutana nayo mkulima wa Nakivale

Kilimo cha uyoga huhitaji chumba chenye kivuli kuliko shamba. Ndiyo sababu kinafaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mashariki mwa jiji la Mbarara, ambako familia kutoka Kongo, Burundi na kwingineko hulima viwanja vidogo. Tangu Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, hugawa msaada nchini Uganda kwa kupima mahitaji ya kila kaya, na wengi hupata pungufu. Anayetia fedha zake chache katika uyoga anaweza kuzipoteza kwa sababu ya neno moja: mbegu.

Uyoga si mmea bali ni kuvu. Hauna mizizi wala majani, na haujitengenezei chakula kwa jua. Huzaliana kwa spora, chembe ndogo mno zinazodondoka kutoka kwenye matamvua yaliyo chini ya kofia. Spora ikiota hutoa nyuzi ziitwazo haifa, nazo zikisukana hufanya miseli, utando mweupe ambao ndio mwili wenyewe wa kuvu. Tunachokula ni kama tunda lake.

Kinachouzwa kwa jina la mbegu ni nafaka, aghalabu mtama, iliyotakaswa kwa joto kisha ikaoteshwa miseli. Ni kitu hai. Anayekiweka ghalani kungoja msimu ujao, kama afanyavyo kwa mahindi, hukikuta kimeoza au kimefunikwa na ukungu wa kijani.

Uyoga chaza hustawi juu ya masalia ya mazao: maganda ya mbegu za pamba, mabua, hata majani makavu ya migomba, ambayo Isingiro haiyakosi. Masalia hutakaswa kwa mvuke ndani ya pipa. Kuni zikiwa haba, wapo wanaoyaloweka katika maji ya chokaa. Mifuko hukaa gizani wiki tatu hivi mpaka iwe myeupe, kisha hutobolewa na kupewa hewa, mwanga hafifu na unyevu. Hapo huchomoza vifundo kama vichwa vya pini, na siku chache baadaye huja mchumo wa kwanza.

Uyoga wa porini ni jambo jingine. Aliouzoea mtu kwao unaweza kufanana na wenye sumu ugenini, na sumu kali kuliko zote haziondoki kwa kupikwa.