Kibao mbele ya duka: kabla ya kulipa, omba makaratasi

Katika miji yetu, Bukavu, Goma ao Uvira, wenye maduka wengi wanasikia habari ya kodi ya kibao siku agenti anasimama mlangoni. Ni muzuri kujua mbele.

Kuna vibao vya aina mbili. Enseigne inaonesha jina la duka yako, pale pale unapofanyia kazi. Panneau publicitaire inatangaza bidhaa, mara nyingi kando ya barabara. Usikubali wavichanganye: angalia karatasi inasema unalipia nini.

Kwa sheria ya OHADA, inayotumika Kongo tangu 2012, enseigne ni sehemu ya mali ya biashara. Jina lake linaandikishwa katika RCCM. Muuzaji mdogo yeye anatafuta patenti.

Kabla fundi hajachimba shimo, andikia komine ao meri barua ya kuomba ruhusa. Kibao kisizibe njia wala mtaro wa maji.

Na franga? Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Ordonnance-loi n° 18/004 ya tarehe 13/03/2018 ndiyo inaorodhesha kodi na taksi za jimbo, muji na komine. Basi agenti aoneshe ordre de mission na akupe note de perception. Usimulipe mkononi. Chunga quittance, na fotokopi ibaki dukani. Bila hiyo, mwingine akikuja kesho, utamuonesha nini?