Maporomoko ya Mtera

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Iringa huvuka mto Ruaha Mkuu juu ya ukuta wa bwawa la Mtera. Milango ikifunguliwa, maji huporomoka kando ya barabara, nasi tuliwahi kushuka garini kuyatazama. Ni maporomoko ya kutengenezwa: bwawa lilikamilika mwaka 1980, kwanza liwe ghala la maji ya kituo cha umeme cha Kidatu, mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza mwaka 1988.

Lakini tangu mwaka 1993 Ruaha imekuwa ikikauka kiangazi katika hifadhi iliyo juu ya bwawa. Mwaka 2006 maji yalipungua mno, nchi ikaingia katika mgawo wa umeme, na lawama zikawaangukia wafugaji wa Usangu. Waliondolewa pamoja na mifugo yao. Wengi wakaenda Lindi na Pwani. Mashamba makubwa ya mpunga yalibaki, ingawa mifereji yake ndiyo iliyokuwa ikichota maji mengi zaidi. Sisi hatuoni kuwa mizani ile ilikuwa sawa, na waliohamishwa hawajasahau.